Nakala yenye muuza kahawa: nihamie FLAC, au nikitengeneze kicheza muziki changu cha zamani?

Abiria wa Kimara (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Ninaomba ushauri wa watu wanaoelewa mambo ya sauti, na hata wa wasioyaelewa, ilimradi waliwahi kuwa na kitu kidogo cha mfukoni wakakipenda kupita kiasi. Ninacho kicheza muziki chenye diski ndani, cha gigabaiti 80, nilichokinunua Kariakoo mwaka 2008 kikiwa tayari kimetumika. Kimenisindikiza kazini tangu enzi za daladala, kikahamia nami kwenye mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, na ninaweza kupandisha sauti au kuruka wimbo kikiwa mfukoni bila kukitazama, kwa kuwa kidole gumba kinavijua vitufe vyake kama kinavyozijua punje za tasbihi. Tatizo ni betri. Mwaka juzi ilikuwa ikizimikia kituo cha Fire, mwaka jana ikawa Magomeni, na siku hizi sivuki Manzese kabla kioo hakijawa cheusi. Ofisini wanakiita kichezeo.

Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, alichukua orodha ya nyimbo zangu, akanitafutia nakala safi mtandaoni na kuzipakia zote kwenye simu. Nilipoanza kuzisikiliza nikawa kama mtu aliyetoka msikitini na kandambili za mwenzake: zinamtosha, lakini mguu unakataa.

Mfano mmoja utatosha. Upo wimbo wa dansi ambao kaka yangu aliurekodi mwaka 1988 nyumbani kwetu Ilala. Huku bara wakati huo redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio za RTD, wimbo ukapigwa hewani, na aliyeutaka aliuvizia na kaseti yake. Kaka aliweka redio mbili zikitazamana mezani, moja ikipiga na nyingine ikirekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, na sisi tuliokuwemo chumbani tukaamriwa tusikohoe. Muuza kahawa hakuwemo katika amri hiyo. Karibu na kiitikio cha pili alipita dirishani akigonganisha vikombe vyake, na vikombe vile vimo ndani ya wimbo hadi leo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeusikia wimbo huo ukiwa na vikombe, na katika nakala safi, pale vinapopaswa kulia, ninabaki nikisubiri. Isitoshe, nakala safi inanisikikia nzito, kana kwamba waimbaji wamechoka. Sijui kama ni masikio yangu au ni jambo jingine.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, mafaili yangu ni ya MP3, niliyatengeneza mwenyewe mwaka 2009 kutoka kwenye kaseti za nyumbani kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, maana nilikuwa nikibania nafasi. Nikiyageuza kuwa FLAC, ile aina nyingine ya faili la sauti, ubora utapanda? Pili, kuna maana yoyote ya kukitengeneza kifaa chenyewe, au nakubali tu kwamba zama zake zimekwisha? Kaseti kumi na nne bado zipo kwa dada yangu Mbagala, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Fundi wa Gerezani

Mkuu, jibu la swali la kwanza ni hapana, na naomba ulishike kabla hujakutana na mtu wa kukuuzia programu ya kuongeza ubora.

MP3 hubana sauti kwa kutupa. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani, walioifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, walijenga juu ya udhaifu wa sikio la binadamu: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo. Ukiwa ndani ya daladala na injini inanguruma, mnong'ono wa abiria wa kiti cha nyuma upo hewani lakini haukufikii. Sasa MP3 inamshusha abiria huyo njiani, kwa hoja kwamba hata hivyo hukuwa ukimsikia. CD hutumia takriban kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. Wewe ulibakiza 128, yaani sehemu moja katika kumi na moja, kwa hiyo abiria walioshushwa ni wengi. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, haimshushi mtu. Inafanya kazi ya mama anayekunja nguo vizuri hadi sanduku linafunga, na ukilifungua unazikuta zote. Lakini sanduku halikurudishii nguo ulizokwisha kugawa. Ukigeuza MP3 yako kuwa FLAC utapata faili kubwa mara kadhaa lenye sauti ileile, na baya zaidi, miaka kumi ijayo mtu atalikuta akadhani ni nakala kamili.

Nina jambo moja la kukuambia kuhusu muuza kahawa wako, kwa sababu nimecheka peke yangu nilipolisoma. Mlio mkali na wa ghafla, kama wa kikombe kugonga kikombe, ni miongoni mwa vitu vinavyoishinda zaidi MP3 ya kiwango cha chini. Programu huichakata sauti kwa vipande vidogo vidogo vya muda, na mlio ukitokea katikati ya kipande, makosa ya ubanaji husambaa kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia mlio wenyewe. Kikombe kinaanza kutoa uvumi kabla hakijagongwa. Ongeza hapo ule mvumo wa kanda, ambao ni mgumu kubana kwa kuwa hauna mpangilio wowote, na ndiyo maana nyuma ya nyimbo ulizorekodi mwaka 2009 bila shaka unasikia kitu kama maji yanayochemka mbali. Kwa hiyo hicho unachokipenda zaidi katika nakala yako ndicho faili lako lilichokiharibu zaidi. Kinasubiri Mbagala, chini ya kitanda.

Kuhusu nakala safi kuwa nzito, usiwalaumu waimbaji wala masikio. Kaseti inatakiwa kupita kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, lakini belti ikilegea au mota ikichoka, mwendo hubadilika. Nadhani redio uliyotumia mwaka 2009 ilikuwa ikikimbia, na wewe umeuzoea wimbo uliokimbizwa. Unaweza kuhakikisha bila kunilipa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na redio za kuchomeka ukutani huacha mngurumo mdogo kwenye kanda, wa hezi 50 na mara nyingi zaidi wa 100. Fungua faili kwenye programu ya Audacity, chagua sekunde chache tulivu kabla ya muziki kuanza, kisha tazama uchambuzi wa masafa kwa kipimo chake kikubwa. Ukikuta kilele kwenye 100, mashine yako ilikuwa na adabu. Ukikikuta 103, ilikimbia kwa asilimia 3, ambayo ni kama nusu ya umbali kati ya vitufe viwili vya kinanda vinavyofuatana. Sikio lisilosomea muziki haliwezi kulitaja kosa hilo kwa jina, ila linalihisi.

Sasa kaseti zenyewe. Usizipige siku utakayozitoa. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwaka mzima, na sanduku la bati huutunza unyevu huo vizuri sana. Zitazame kwa mwanga: ukiona unga mweupe pembeni ya kanda, hiyo ni kuvu, na kaseti hiyo usiiingize kwenye mashine nzuri, maana itaambukiza zote zitakazofuata. Angalia kijisponji kilicho nyuma ya kanda, pale hedi inapogusa. Gundi yake huachia, na bila kijisponji hicho sauti hupanda na kushuka. Zilizo salama zizungushe mbele hadi mwisho na kuzirudisha nyuma hadi mwanzo kabla ya kurekodi, ili kanda iliyoganda iachane. Kama mojawapo ni ya dakika 120, ifanye ya mwisho kabisa, kwa kuwa kanda yake ina takriban nusu ya unene wa ile ya dakika 60, na redio huila bila kutafuna.

Safisha hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti safi isiyo na mafuta. Halafu kuna skurubu ndogo pembeni ya hedi ambayo watu wengi wanaiogopa. Hedi ya redio iliyorekodi mwaka 1988 haikukaa kwa pembe ileile na hedi ya mashine utakayotumia leo, na tofauti ndogo tu ya pembe inazika sauti zote za juu. Wimbo ukiwa unalia, zungusha skurubu hiyo kwa bisibisi ya saa, polepole sana, hadi matoazi yafunguke. Utajua yanapofunguka. Rekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 24, acha nafasi ya desibeli sita hivi juu ya sauti kubwa kuliko zote, na uhifadhi FLAC bila kuondoa mvumo na bila kurekebisha lolote. Marekebisho fanya kwenye nakala ya pili.

Betri inabadilishika. Ikiwa imeanza kuvimba na kusukuma kioo, acha kuichaji leo hii, na usikubali mtu aichokonoe kwa kisu. Kwa baadhi ya vifaa vya aina yako vipo pia vibao vidogo vinavyoruhusu kuweka memori kadi mahali pa diski. Kifaa kinakuwa chepesi na betri inakaa zaidi, kwa sababu hakuna tena kitu cha kuzunguka.

Nje ya mada kidogo: Walkman ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Matoleo ya baadaye yakabakiza tundu moja. Mimi na marehemu rafiki yangu tulizaliwa upande wa tundu moja, tukawa tunagawana: yeye sikio la kulia, mimi la kushoto, kwenye pantoni la Kigamboni. Hadi leo kuna nyimbo ambazo gitaa la kulia silijui vizuri.

Kijana wa Sinza

Shikamooni wakubwa zangu. Nitakuwa mtu wa upande wa pili, si kwa ubishi bali kwa sababu naona swali la pili la mleta mada limepitwa haraka.

Mzee wangu, unasikilizia ndani ya mwendokasi lililojaa, na nikikisia vizuri mpwa wako amekuwekea na hedifoni zisizo na waya. Bluetooth nayo hubana sauti kwa namna yake kabla ya kuirusha, kwa hiyo hata ukimpa FLAC, masikioni haifiki FLAC. Kisha juu ya hapo kuna kelele za basi lenyewe, ambazo zinafunika hata ile tofauti ndogo iliyoachwa na MP3. Kwa kusikilizia njiani, faili la kilobiti 256 lililotengenezwa vizuri linatosha, na sioni aibu kusema hivyo. MP3 hata haina tena wa kuidai chochote. Hataza zake zilikwisha muda mwaka 2017, na hakuna kifaa kisichoisoma. FLAC ibaki nyumbani kama hati ya kiwanja: huitembezi mtaani, unatembea na nakala.

Kabla hujaamini maneno ya fundi au ya kwangu, jipime. Zipo programu za bure za kukuchezea mafaili mawili bila kukuambia lipi ni lipi, na wewe unabahatisha mara kumi na sita. Nimewafanyia jaribio hilo marafiki waliokuwa wakiapa kwamba wanasikia tofauti, na wengi wao walipata matokeo ya mtu anayerusha shilingi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na siku hiyo niliacha kutafuta mafaili yaliyoandikwa 320 kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo. Mengi ya hayo ni ya 128 yaliyogeuzwa tu. Ukiyafungua kwenye picha ya masafa unaona sauti imekatwa kama kwa panga kwenye kilohezi 16 hivi, ilhali faili linajitangaza kuwa kubwa.

Ninachokiogopa kuhusu kifaa chako ni kwamba kila kitu kiko mahali pamoja. Diski inayozunguka, yenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano, inayotikiswa kila siku kati ya Kimara na Kivukoni, ni ya kushukuriwa, si ya kutegemewa. iPod yenyewe, iliyoanza mwaka 2001 na gigabaiti 5, ilisimamishwa kabisa mwaka 2022, na vipuri vya vifaa vya kizazi hicho vinazidi kuwa vya kubahatisha. Kabla ya betri, kabla ya skurubu, nakili yaliyomo leo usiku. Na ukienda kununua memori kadi, usiridhike na maandishi ya juu. Zipo kadi zinazojitambulisha kuwa za gigabaiti 256 zenye uwezo halisi wa 8, na hazikuambii zimejaa. Zinaendelea kupokea na kupoteza. Ijaze hadi mwisho, kisha usome kila ulichoweka, ndipo uiamini.

Binti wa Magomeni

Kaka Abiria, na mimi ninacho cha kuonyesha, ingawa changu ni cha msiba zaidi.

Mjomba wangu alirudi kutoka Muscat mwishoni mwa miaka ya 1990 na mashine ya MiniDisc ya kurekodia, ndogo kuliko pakiti ya majani ya chai, akaapa kwamba kaseti imekwisha. Hakukosea kuhusu sauti. Diski moja ilibeba dakika 74, haikuwa na mvumo, haikuliwa na redio, na ilikaa ndani ya kasha lake la plastiki hata watoto hawakuweza kuichafua. Alirekodi taarabu kwenye harusi za ukoo wetu, Magomeni na Zanzibar, kwa karibu miaka saba, akiwa amekaa kiti cha mbele na maikrofoni imebanwa kwenye kola ya kanzu. Sehemu nzuri zaidi ni watu wanaokwenda kutunza: unasikia kanga zikipita, vicheko, na bibi mmoja ambaye kila mara mwimbaji akifika kwenye beti la kijembe hutoa mguno ambao familia nzima inaujua.

Diski hizo ninazo arobaini na moja, zote nzima. Mashine ilikufa. Mtindo huo ulianza mwaka 1992, na kampuni iliyouanzisha ilitangaza mwaka 2013 kwamba haitengenezi tena vichezeshi vyake, na tofauti na kaseti, ambayo fundi yeyote anaweza kuifumua na kuirudishia, diski hii bila mashine yake ni kigae tu. Kaka yangu aliagiza moja iliyotumika, ikafika, ikafanya kazi wiki tatu. Katika wiki hizo tatu tuliokoa diski kumi na sita, tukilala kwa zamu, kwa sababu ilibidi kila moja ipigwe kwa muda wake kamili ili kompyuta iirekodi. Diski ishirini na tano bado zinangoja.

Nina onyo la kuongeza ambalo waliotangulia hawakuligusa. Tulipozikata harusi hizo vipande vipande na kuzifanya MP3, kila mwisho wa kipande ukaingia ukimya mfupi, kana kwamba umeme umekatika na kurudi. Nilidhani nimekosea kukata. Kumbe MP3 hufunga sauti kwa mafungu yenye idadi maalumu ya sampuli, 1,152 kila fungu, na fungu lisilojaa hujazwa ukimya. Tena huongezwa kingine mwanzoni. Kwa wimbo mmoja unaoanza na kuisha hutajali, lakini taarabu ya ukumbini haina pa kuisha. Muziki unaendelea chini ya makofi hadi wimbo unaofuata. FLAC haina tabia hiyo. Kwa hiyo kaseti zako zirekodi upande mzima bila kukata, na uziache hivyo.

Kuhusu kifaa chako, kitengeneze. Mimi ningetoa pesa nzuri kwa mashine ya mjomba ikiwa inafanya kazi, na wala sijui kama ningeitumia zaidi ya kufungua na kufunga mlango wake, ule mlio wake wa kujibana.

Abiria wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Samahani kwa ukimya. Nilitaka nije na matokeo.

Nilianza kwa ushauri wa Kijana wa Sinza, nikanakili kila kitu usiku uleule, na diski iligoma mara mbili katikati ya kazi hiyo, kwa hiyo kijana, ninakushukuru kwa kunitisha. Kisha nikafungua faili la wimbo ule na kutafuta mngurumo wa umeme. Fundi, kilele kilikuwa 103. Nilikitazama muda mrefu. Maana yake tangu mwaka 2009 nimekuwa nikisikiliza bendi iliyokimbizwa kwa asilimia 3, na nimekuwa nikiwaambia watu kwamba waimbaji wa siku hizi hawana kasi kama wale.

Kaseti za Mbagala hazikutoka zote. Tatu zina ule unga mweupe, nimezitenga kwenye mfuko wake. Ya dakika 120 niliiacha ya mwisho kama nilivyoagizwa, na bado ililiwa, mita kadhaa zikajisokota kwenye kigurudumu. Nimezinyoosha kwa kidole lakini mahali hapo sauti inayumba kama mlevi. Kumi zilizobaki nimezirekodi kwa mashine ya jirani, kila upande bila kukata. Mashine hiyo nayo ina kasoro yake, kwa kuwa kilele kilisoma 99, yaani inajivuta kwa asilimia 1, na nimeirekebisha hiyo kwenye nakala ya pili tu. Skurubu ya hedi niliizungusha kwa mkono unaotetemeka, kama robo ya mzunguko, na ni kweli, matoazi yalifunguka kama mtu aliyeondoa godoro mbele ya spika.

Vikombe. Katika MP3 yangu vilikuwa kitu kimoja, "chwaa", kama mtu aliyemwaga changarawe. Kwenye FLAC vinahesabika: vitatu, kituo, kisha viwili, na kwa mbali kidogo viwili tena akiwa amekwisha pita. Anagonga sambamba na ngoma. Sikuwahi kujua kwamba anagonga sambamba na ngoma.

Nikajipima kama nilivyoagizwa. Nilichagua sehemu ya vikombe, nikalinganisha FLAC na kilobiti 128, na nikapatia mara kumi na tano kati ya kumi na sita. Nikalinganisha na 256, na nikapatia saba. Saba, mzee mzima, nikiwa nimefunga mlango na feni imezimwa. Basi ninatembea na 256, kwa hedifoni za waya, na FLAC ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada.

Limebaki jambo moja ambalo silielewi vizuri. Nilimtumia kaka nakala mbili, ile ya zamani iliyokimbia na hii iliyorekebishwa. Yeye sasa anaishi Morogoro na hakuwahi kuisikia MP3 yangu. Alinipigia akasema hii ya pili ndiyo wimbo aliourekodi, na ile nyingine akaniuliza nani kaiharibu. Ninakubali kwamba yuko sahihi, kipimo kinasema hivyo. Lakini kwenye basi, nikichoka, kidole gumba kinakwenda kwenye ile iliyokimbia.

Fundi wa Gerezani

Weka zote mbili, kaka, na majina yake yaandike waziwazi ndani ya lebo za faili, kasi ya kila moja na mwaka uliofanya kazi, ili wajukuu wasibishane. Kuhusu kaseti tatu zenye kuvu, usizitupe. Zikaushe polepole kivulini, mbali na jua, na kuna mashine bovu hapa kwangu niliyoitenga kwa wagonjwa wa namna hiyo. Betri umebadilisha?

Abiria wa Kimara (mleta mada)

Nimebadilisha. Inakwenda Kivukoni na kurudi siku nne. Diski sijaigusa bado, nasubiri kadi niliyonunua imalize kujazwa na kusomwa. Hadi sasa imefika gigabaiti 61 bila kosa.

Nitapita Gerezani Jumamosi na kaseti hizo tatu. Nitakuja pia na mashine ya jirani, maana nimemwahidi kumrudishia ikiwa na belti mpya. Ya zamani nimeipima ikiwa bapa mezani: mzingo wake ni sentimita 24, unene milimita 1.2, lakini imelegea, kwa hiyo sijui kama nikatishe kidogo au nitafute ya kipimo hichohicho. Dukani nilikopita walinipa rababendi ya kufungia noti.

Fundi wa Gerezani

Rababendi irudishe dukani. Kwa belti iliyolegea tafuta iliyo fupi kwa asilimia 5 hivi, kwako itakuwa kama sentimita 23. Njoo nayo ileile ya zamani, nitailinganisha na nilizonazo.